Shafti ya Milimita Thelathini na Tano

Athumani mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Mzima, umeshiba wali na pweza, umetoka kuwaaga wenzako uwanjani, na utarudi magharibi unanuka jasho. Yangu utaisoma humu. Nimekaa karakanani, saa nane mchana, mlango nimeuegesha kwa sababu ya jua, na begi lako liko miguuni pangu. Basi lako linatoka Lindi kesho alfajiri, na ukifika Dar utaunganisha safari mpaka Tanga. Sitakuandikia habari za kula, kuswali na marafiki wabaya. Hayo nimeyasema miaka kumi na tisa, na kama hayajakuingia mpaka leo basi tena.

Nakuandikia kwa sababu ya simu ya juzi. Ulikuwa uani unaongea na msimamizi wa karakana unayokwenda, umeweka spika, nami nilikuwa jikoni nachambua mchele. Akakuuliza kama ufundi umeurithi kwa baba. Ukamjibu, "Hapana, marehemu baba alikuwa mvuvi." Ukalisema upesi, bila kusita, na mimi nikajua si mara ya kwanza. Athumani, baba yako hakuwahi kuvua hata dagaa. Alikuwa akitapika akivuka tu ghuba kwenda Kitunda.

Najua kwa nini ulisema vile. Tangu una miaka kumi umekuwa ukisikia mjini hapa kwamba Fundi Hamisi aliuawa na kipimo chake mwenyewe, alichonga shafti ya mashine ya kusaga ikapwaya, na gurudumu lake la mkanda, puli, likachomoka likampiga. Shuleni walikuita Kadirio. Ulirudi siku moja na shati limechanika, ukanieleza umeanguka, nami nikajifanya nimeamini. Miaka tisa nimekuacha uone haya kwa ajili ya baba yako. Leo nataka ujue hasa ni nani aliyekosea kipimo kile, kabla hujaenda kumzika mara ya pili huko Tanga. Lakini nivumilie nianze mbali kidogo, maana nikianza na lile lenyewe nitaichana karatasi.

Nimelifungua begi lako. Maikromita, chombo cha kupimia unene mpaka unywele, umeitia kwenye soksi. Soksi, Athumani! Nimeitoa, nimeirudisha kwenye kisanduku chake, nikaacha upenyo kidogo kati ya ncha zake, maana ukiifunga ikabana siku nzima kwenye joto, chuma kinavimba na kipimo kinaharibika. Mwaka wangu wa kwanza niliikaza maikromita ile kama mtu anayefunga nati ya tairi. Baba yako hakugomba. Alinishika vidole akaviweka kwenye kile kifundo cha nyuma kinacholia, akasema, "Ikilia mara tatu, iache. Hapo imeshakwambia." Na nilikuwa nikipima chuma bado cha moto, kimetoka tu kwenye mashine. Kikipoa kinasinyaa, na mimi napigwa na butwaa kipimo kimekwenda wapi. Vyuma vingapi nimeviharibu, Mungu anajua.

Kalipa, kile kipimo cha taya cha kidijitali cha baba yako, hukuitia begini. Umeiacha mezani, na ulivyoiacha naona ni makusudi. Iko mbele yangu sasa hivi.

Hebu nikwambie alivyoitunza. Kwenye kisanduku chake alitia kitambaa kidogo chenye punje za mchele mkavu, wa kunywa unyevu, maana hewa yetu hii ya chumvi inaingia hata kwenye meno. Kila mwezi alibadili mchele ule. Nilikuwa nikimcheka kwamba chombo chake kinapewa wali kuliko mke wake. Akisafiri alitoa betri. Taya hakuziweka zimebanana, aliziacha wazi upana wa ukucha. Na kabla ya kupima chochote, hata kama alipima dakika moja iliyopita, alifuta taya kwa kidole gumba, kisha kwa kipande cha fulana ya pamba, akazifunga, akatazama sifuri, akazifungua, akazifunga tena. Tk, tk. Mara mbili. Hakuna siku aliyofunga mara moja. Mimi niliona ni madaha ya kifundi ya kunikoga.

Sasa usilolijua. Wewe unanijua mimi ni mama mwenye karakana aliyejifunza kazi baada ya kufiwa, ndivyo mtaa mzima unavyosema, na wamenisifu sana kwa hilo. Si kweli. Nilijifunza baba yako akiwa hai. Nilianza kwa kuuza maandazi hapo nje, nikawa nachungulia, nikawa nashika taa, na mwaka wa tatu wa ndoa yetu nilikuwa nachonga bushi peke yangu. Mwaka wa tano karibu nusu ya kazi zilizotoka hapa zilikuwa za mikono yangu. Wateja hawakujua. Walikuwa wakikuta nimeshika ufagio, maana tukisikia pikipiki inasimama nje, mimi naokota ufagio na baba yako anasogea kwenye mashine. Tulikuwa tukicheka mpaka machozi yanatutoka. Sikuona ubaya wowote wakati ule.

Akaja mwenye mashine ya kusaga, mzee mmoja wa njia ya Sudi, shafti yake imekatika. Alinikuta nimechelewa kuokota ufagio. Akasimama mlangoni akamwambia baba yako, "Fundi, mimi sitaki chuma changu kichezewe na mwanamke. Mashine yangu ina nuksi za kutosha."

Baba yako akamjibu, "Nitaichonga mwenyewe kwa mkono wangu, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Alipoondoka, baba yako akanikonyeza na kuniachia mashine. Shafti ya milimita thelathini na tano, ya kuingia kwenye tundu la puli aliyotuachia mzee, bila kupwaya. Kipande cha chuma kilikuwa kimoja tu, cha kufaa hakikuwepo kingine Lindi nzima. Nilikuwa na hasira na yule mzee. Nilitaka nimchongee shafti ambayo hata angeibusu asijue nani kaifanya. Nikachonga upesi upesi, kichwa kimejaa majibu ambayo sikumpa. Nikapima mara ya mwisho, kalipa ikasoma thelathini na tano kamili. Sikufuta taya. Sikuzifunga kutazama sifuri, hata mara moja. Nikaiweka kalipa kwenye kisanduku, taya wazi upana wa ukucha kama nilivyofundishwa, nikaenda kutia udhu kwa alasiri.

Niliporudi baba yako alikuwa hayupo. Alirudi baada ya nusu saa kwa bodaboda, akaniambia alipita kwa mama yake mara moja. Nikaenda kuepua chungu, na niliporudi puli ilikuwa imeshaingizwa kwenye shafti.

Nikamuuliza, "Imekaa?"

"Imekaa vizuri," akasema, huku anafuta mikono, hanitazami. Kisha akanitazama akacheka. "Mzee ataomba achongewe na nyingine."

Kesho yake akaenda Sudi kuifunga mwenyewe. Hakuwa na desturi hiyo, mwenye mashine huja na watu wake wakachukua. Mashine ikawashwa, ikasaga debe mbili, watu wakapiga vigelegele. Baba yako akawaambia wote wasogee nyuma, akabaki yeye karibu na puli, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Hayo nilielezwa na waliokuwepo. Puli ikachomoka ikampata kifuani.

Yule mzee alikataa kubaki na chuma kilichoua mtu. Siku ya tatu ya msiba akakileta kwetu ndani ya kiroba, shafti pamoja na puli, akakibwaga hapa karakanani na kusema mbele ya wanaume wote kwamba shafti ilipwaya, fundi alikosea kipimo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Nilisikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo, Athumani, nikanyamaza. Nilijiambia bado sina hakika.

Nikakaa eda. Karakana ikafungwa kwa kufuli na ufunguo ukawa kwenye pindo la kanga yangu, silali bila kuushika. Hukumbuki labda, lakini katika miezi ile ulinijia mchana mmoja, saa kama hii hii, mtaa umelala kwa joto, ukaniuliza, "Mama, nani anapima?" Nikakuuliza unasema nini. Ukasema umesikia nyuma ya ukuta, karakanani, kalipa ya baba ikilia mara mbili. Nikakwambia ni panya. Usiku huo hukuuliza tena, na kesho yake mchana nikaisikia mwenyewe. Tk, tk. Halafu kimya. Nilikuwa nimeshika mwiko na nikaendelea kuukoroga uji mpaka ukaungua.

Siku nilipotoka eda nilifungua lile kufuli kwa mkono wangu. Kufuli lilikuwa na kutu, halijaguswa. Ndani vumbi limetanda kila mahali. Kalipa haikuwa kwenye kisanduku. Ilikuwa mezani, taya zimefungwa, na skrini inawaka. Sasa wewe ni fundi, unajua kalipa ile ikikaa dakika tano bila kuguswa hujizima. Ilikuwa inawaka. Ilisoma 0.20.

Nilisimama pale nikiitazama, nikingoja ijizime, ikachelewa sana kujizima. Kisha nikaichukua nikaipeleka dirishani. Kati ya taya, penye mafuta, kulikuwa na unyuzi wa chuma, mwembamba sana, uliokuwa umejikunja na kung'ang'ania upande mmoja. Ni taka ya kazi yangu. Nilipopima shafti, unyuzi ule ulikuwa kati ya taya na chuma, nami nikausoma kama sehemu ya shafti. Ndiyo kusema shafti ilikuwa pungufu kwa unene wa unyuzi ule. Lau ningefunga taya mara moja tu, kalipa ingenionyesha.

Nikaufuta. Ikasoma sifuri. Nikaiweka kisandukuni nikatoa betri.

Tangu siku ile, mwanangu, mara moja au mbili kila mwaka, mchana, karakana ikiwa kimya, huisikia. Mara nyingine nimeikuta mezani na ninajua niliiweka kabatini. Mara moja niliikuta inawaka, 0.20, taya safi, nikazifuta mara kumi na namba haikubanduka. Betri nilikuwa nimeitoa. Nadhani nilikuwa nimeitoa. Sikumwita shehe wala mganga, maana ningewaambia nini? Wangeuliza marehemu anataka nini, na mimi nilikuwa nalijua analotaka. Au nilidhani nalijua. Nilidhani ananidai niseme.

Imelia sasa hivi, nikiandika. Si hii iliyo mbele yangu, hii sijaigusa na haijasogea. Imelia nyuma yangu, kule chini ya meza kilikokaa kiroba. Naogopa, Athumani.

Nimenyanyuka. Nimekivuta kile kiroba, sikuwahi kukifungua miaka tisa, fundo lake lilikuwa bado lile lile alilofunga yule mzee. Nimetoa shafti nikaifuta, nikaiacha ipoe joto la mkono wangu, nikachukua maikromita yako kutoka begini. Ncha safi, imelia mara tatu, nikaacha. 34.80. Vizuri. Nilikuwa nalijua, lakini sasa limepimwa.

Kisha nikaingiza vidole kwenye tundu la puli kutoa kutu, vikagusa kitu. Kilikuwa kimebanwa na grisi kavu. Nikakibandua kwa bisibisi. Ni kipande cha bati, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, kingo zimepigwa tupa zisikate, kimekunjwa nusu duara kufuata tundu. Upande mmoja bado una rangi nyekundu na herufi mbili za kopo la maziwa ya unga. Nimekipima. 0.20.

Unaelewa nilichoshika? Baba yako alijua. Nilipokuwa naswali alijaribu puli, ikacheza, akapima kwa mtindo wake wa mara mbili, akajua mpaka unene wa kosa langu. Kipande kingine cha chuma hakikuwepo. Kumwambia yule mzee shafti imeharibika kungekuwa ni kumwambia nani kaiharibu, na kuniambia mimi kungenivunja, maana alijua nilivyokuwa. Akatafuta bati la unene ule ule akaliziba pengo, akaniambia imekaa vizuri, na kesho yake akaenda kusimama mwenyewe karibu nayo kwa kuwa hakuwa na imani nayo. Bati halikuishika puli. Fundi mzuri kuliko wote wa pwani hii alifanya kazi ya kulipua siku moja tu, na aliifanya kwa ajili yangu.

Nalia, na sijui nalia kwa mapenzi au kwa hasira. Angeniambia tu. Ningelia siku mbili tukangoja chuma kutoka Dar.

Naiacha barua kidogo. Nakwenda kwa bibi yako.

Nimerudi. Jua limeshuka, na wewe bado hujarudi, afadhali.

Unajua bibi yako kila Idi huniita chumbani, ananishika mikono na kuniambia, "Mwanangu, niwie radhi kwa niaba ya Hamisi. Uzembe wake umekufanya mjane mapema." Miaka tisa, kila Idi. Nami kila Idi namjibu, "Nimekwishamsamehe, mama, usijitese." Naliandika hili ulione lilivyo. Nilikubali kuombwa radhi na mama kwa kosa langu, tena nikajifanya mkarimu.

Nimemkuta uani anamenya kunde. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, akanisogezea mkeka. Sikukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, "Mama, ile shafti niliichonga mimi. Hamisi hakukosea. Nilikosea mimi."

Hakuinua macho. Akamaliza ganda alilokuwa nalo mkononi, akachukua jingine.

"Kopo lilikuwa langu," akasema.

Nikamuuliza kopo gani.

"La maziwa. Alikuja siku ile alasiri, akalitoa rafuni akayamimina maziwa yangu kwenye bakuli, akalikata na mkasi wangu wa kushonea. Nikamwambia, wewe Hamisi, kopo zima hilo la nini? Akasema, mama, mwenzangu ameteleza kidogo, namfichia."

Nikakaa mkekani. Nikamwambia, "Mama, kumbe ulijua. Na miaka yote hii ulikuwa ukiniomba radhi?"

Ndipo akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu aliye hai. "Nilikuwa nakupa njia ya kusema, Zuhura. Kila Idi nilikufungulia mlango. Na wewe kila Idi ukawa unanijibu umeshamsamehe mwanangu."

Nilimshika miguu nikamuomba msamaha, akaivuta miguu yake taratibu. Akasema, "Mimi ni wa mwisho. Nenda kamwambie kwanza yule mtoto anayemkana baba yake. Ukishamwambia yeye, rudi, nami nitaangalia kama moyo wangu una kitu." Kumbe hata habari ya mvuvi anayo. Sijui umemwambia wewe, au kasikia kwa nani.

Basi nimekwambia. Barua hii naiweka juu ya shati utakalolivaa kesho, pamoja na lile bati nimelifunga kwenye karatasi. Kalipa sijaitia begini, na sitaitia. Ukiitaka utaichukua mwenyewe, ujue unachukua nini.

Msamaha siuombi kwa maandishi. Alfajiri nitakuwa nimekaa kizingitini. Ukitaka kunipita bila kunipa mkono, pita, nitavuta miguu nikupishe, na wala sitakuita. Ila ukifika Tanga, kabla hujashika chombo chochote, nenda kwa yule msimamizi umwambie ulimdanganya. Mwambie baba yako alikuwa Fundi Hamisi wa Lindi. Akisema amesikia habari ya fundi huyo, maana mafundi husimuliana, mwambie pia aliyekosea ni nani, na umtaje kwa jina.

Ni mimi mama yako, niliyeichonga ile shafti,

Zuhura